Mpimaji wa Mkono wa Mwanangu

Siku uvumilivu uliponiishia ilikuwa Alhamisi, siku ya kliniki ya viungo, na kwenye benchi tulikuwa akina mama saba. Mlango ulifunguliwa, akatoka kwanza yule mama mzee anayepima watoto, pamba mkononi, mwanangu Alinda nyuma yake amemshika pindo la koti. Akanitazama juu ya miwani, akasema kwa sauti iliyofika mpaka dirisha la dawa:

"Mama Alinda, umempaka tena."

Wenzangu wakageuka. Yeye akachuchumaa palepale mlangoni, akamimina spiriti kwenye pamba, akaanza kumfuta mwanangu mkono kuanzia begani mpaka kwenye kiwiko, kama mtu anayesugua masizi ya sufuria. Pamba ikawa ya njano. Akaiinua ili kila mtu aione.

"Samli," akasema. "Nimesema mara ngapi?"

Asubuhi ile nilikuwa nimemwogesha mtoto, nimempaka akang'aa, nimemvalisha gauni la kanisani, nimepanda naye bodaboda kutoka Mabira huku nimemfunika na kanga asile vumbi. Kwetu mtoto hatoki mbele za watu amepauka. Sasa yule mama mzee anamfuta kazi yangu yote mbele ya benchi, na Alinda, miaka minne, anacheka kwa sababu pamba inamtekenya. Akasema, "Bibi, leo nitashika mpaka thelathini." Bibi! Mimi hata hakunitazama.

Nikafungua mkoba, nikatoa kopo la samli, nikachota kwa vidole vitatu, nikampaka upya. Bega, mkono wa juu, kiwiko, mpaka kwenye kucha.

"Huyu nimemzaa mimi," nikamwambia. "Ukitaka wa kumfuta, zaa wako."

Mama mmoja wa Kaisho akaguna, "Waitu!" Yule mzee alijiinua kwa kushika goti, akaingia ndani, akafunga mlango. Alinda hakupimwa siku ile. Nilitembea nikijiona mshindi mpaka tulipofika barabarani, mtoto akaniuliza, "Mama, kwani leo sikushika?"

Tulimwita Mpimaji. Jina lake lilikuwa limebandikwa mlangoni, lakini sikuwahi kusikia mtu akilitumia, na mimi silitaji hapa. Kwao ni wapi na baba yake alikuwa nani, hayo waulizwe ndugu zake. Mimi namjua kwa miaka miwili ya Alhamisi, na nimemtazama kwa jicho la wivu. Jicho la wivu huona vizuri kuliko jicho la upendo. Wenye upendo hufumba.

Kazi yake ilikuwa hivi. Alinda alizaliwa mkubwa, bega likakwama, akavutwa, na neva za shingo zikaumia. Mkono wa kulia ukabaki umelala ubavuni kama wa mtu mwingine. Baadaye ulianza kujikunja kidogo, ila hakuna aliyejua ni msuli upi unafanya kazi na upi unabebwa na wenzake. Mpimaji alikuwa na mashine ya kujua. Watafiti wa chuo walikuja nayo kupima mikono na migongo ya wabeba mikungu ya ndizi, wakamwachia aitumie mpaka mradi wao utakapoisha. Haina sindano na haipasui mtu. Unabandikwa vibandiko vidogo juu ya ngozi, waya zinakwenda kwenye kisanduku, kisanduku kinapeleka kwenye kioo. Kisha unaambiwa ushike kitu na usikiachie. Wakati umeshika, kioo kinaonyesha mistari inayorukaruka, na kwa mistari hiyo anajua ndani ya msuli nani anafanya kazi na nani amelala.

Vitu vya kushika alivishona mwenyewe: vifuko vya maharage, vikubwa na vidogo, kila kimoja na rangi yake. Cha Alinda kilikuwa chekundu. Angeweza kutumia vyuma vya hospitali, vilikuwepo kabatini. Alisema mtoto wa huku anajua maharage, hajui chuma.

Na haikuwa kupima kwa kupita tu. Kuna daktari wa upasuaji anayekuja hospitali kubwa mara moja moja, anahamisha kano kutoka msuli mzima na kuipeleka mahali pa msuli uliolala, mtoto akaweza kufikisha kijiko mdomoni. Daktari huyo hataki hadithi. Anataka karatasi yenye mistari ya mtoto, iliyo safi, na jina kwenye orodha. Aliyetengeneza karatasi na kuandika orodha ni Mpimaji. Hivyo mkono wa mwanangu ulikuwa mikononi mwa mwanamke ambaye sikuweza kumvumilia.

Sasa mlango. Kanuni yake ilikuwa moja: mtoto anaingia, mama anabaki nje. Hakuna maelezo. "Mama kaa kwenye benchi." Mlango unafungwa, na wewe unabaki na sweta la mtoto mapajani, unasikiliza. Tulisikia sauti yake ikiimba bila wimbo: "Shika, shika, shika, usiachie, shika." Kisha kimya, kisha kicheko cha mtoto. Kicheko ndicho kilichonimaliza. Nyumbani nilimwambia Alinda anyanyue mkono, akanyanyua kwa kuhesabu moja mpaka tatu, akasema amechoka. Kwa Mpimaji alishika mpaka ishirini. Nilijaribu na maharage yangu, nikashona na kifuko chekundu. Akakitazama, akasema, "Hiki si chenyewe."

Alikuwa na namna ya kusalimia. Mtoto akisema shikamoo, anajibu marahaba, halafu anauinamia mkono wenyewe. "Na wewe mkono, hujambo?" Mtoto anatakiwa kuujibia: hajambo, ameamka, ana njaa. Watoto walikufa kwa kucheka. Siku moja jikoni nikauinamia mkono wa Alinda na mimi. "Na wewe mkono, hujambo?" Mwanangu akanihurumia, nawaapia, alinihurumia kwa macho. "Mama, kwako haujibu."

Watu wazima alikuwa na maneno mengine kwao. Aliwaambia msuli si kitu kimoja, ni kijiji siku ya msaragambo, ile kazi ya wote. Neva moja ina watu wake wachache, ikipiga kelele wanatoka na majembe. Mzigo mdogo, wanatoka wachache. Ukiendelea kuushika, wa kwanza wanachoka, neva nyingine inaamsha wake, wanakuja kusaidia. "Mashine," alisema, "inasimama njiani na kuhesabu nani katoka nyumbani kwake." Maneno yenyewe aliyasema kwa Kinyambo, na Kinyambo chake kilikuwa kizuri kuliko changu, mimi niliyekulia ndani yake. Hilo nalo nililiweka kwenye hesabu ya makosa yake.

Kuna mbeba mikungu mmoja wa Nyabiyonza, kifua kama mlango wa stoo, aliyekuja kupimwa huku akijisifu benchini kwamba anabeba mikungu mitatu toka kibanjani, kwenye migomba, mpaka kwenye lori bila kutua. Siku hiyo Mpimaji aliacha mlango wazi kwa sababu ya joto, tukaona. Alimpa kifuko kikubwa akishike, kiwiko kimekunjwa. Pembeni akamkalisha bibi mmoja mchota maji, naye na kifuko chake cha kumtosha. Mwanaume alianza kwa tabasamu. Baada ya muda mkono ukaanza kutetemeka, jasho, tabasamu likaondoka. Bibi anatafuna tu meno yake.

"Wewe umeita kijiji kizima kwa mara moja," Mpimaji akamwambia yule kijana. "Bibi anaita wawili wawili."

"Huyu bibi kapewa maharage mabovu!" kijana akalia.

"Shika, mwanangu, usihesabu maharage ya jirani."

Hata mimi nilicheka. Nilijichukia kwa kucheka.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Aliwakataza akina mama wenye maumivu ya shingo wasibebe kichwani, aliwafokea hasa, halafu mimi nikamkuta sokoni Kaisho na mkungu kichwani, hana hata kata. Nikamsubiri makusudi njiani.

"Shikamoo, Mpimaji. Na shingo?"

"Marahaba. Hizi ni ndizi, si mzigo."

Akapita. Alichelewesha watu saa nzima kwa chai yake, lakini mama aliyetoka Nyabiyonza kwa miguu alipochelewa nusu saa alimrudisha. Nilikuwepo siku hiyo. Yule mama alilia, mtoto wake mgongoni naye akalia. Na mimi kwenye benchi, Mungu anisamehe, nilifurahi moyoni: leo mtoto mmoja pungufu wa kumwita Bibi. Ndipo nilipojua hali yangu imekuwa mbaya.

Kama angekuwa hana watoto ningemwelewa. Lakini alikuwa nao watano, wakubwa, wenye kazi zao, na simu yake haikutulia. "Mama umekula? Mama umelala?" Aliizima kabla ya kupima kila mtoto, akaiweka kwenye droo kifudifudi. Mtu mwenye watano wanaomtafuta hivyo, wa nini tena wangu mmoja?

Asubuhi moja niliwahi kufika kabla ya wote, nikachungulia dirishani. Alikuwa anaijaribu mashine kwa mkono wake mwenyewe, wa kushoto, ambao siku zote ulikuwa unatetemeka. Amejibandika, ameshika kifuko cha Alinda, kile chekundu, kidogo kabisa. Hakufika mbali. Kikaanguka. Akakiokota, akashika tena, midomo inacheza: shika, shika. Nilirudi kwenye benchi nikakaa. Sikumwambia mtu. Sikutaka kumhurumia, maana ukishamhurumia mtu wivu unakosa pa kukaa, na mimi nilikuwa nauhitaji.

Nyumbani mume wangu alizidi kuuchochea moto. Baba Alinda ni mtu wa kahawa na ng'ombe wawili, hana maneno mengi, lakini aliyonayo yote yakawa ya yule mama. Mpimaji kasema mtoto alalie upande wa kushoto. Mpimaji kasema asivutwe mkono. Siku moja chakulani nikamuuliza:

"Na chumvi ya haya maharage, Mpimaji kasemaje?"

"Angekuwepo angesema imezidi."

Niliondoa sahani.

Lakini lililoniingia mfupani si hilo. Alinda alianza kucheza mchezo wa kupima. Alichana nyuzi za mgomba zikawa waya, akakata vipande vya jani, akavibandika kwa utomvu kwenye mkono wa mtoto wa jirani. Jiwe likawa kifuko. Nilikuwa nachambua mboga karibu nao, nikasema ngoja niangalie, moyo umefurahi kidogo kwamba mkono wa kulia nao unasaidia kushika jani. Mwanangu akageuka, akaweka uso wa utu uzima.

"Mama, wewe kaa nje."

Tulikuwa nje tayari, kwenye ua! Nikainuka, nikaenda nyuma ya nyumba, nikasimama na mboga zangu.

Haikupita muda ndipo ikaja ile Alhamisi ya samli.

Wiki ya pili baada yake, Baba Alinda alikwenda kituo cha afya kuuliza habari za daktari wa upasuaji. Alirudi, hakufunga hata ng'ombe. Orodha imeshaandaliwa, majina ya watoto yako juu ya meza ya mganga mfawidhi, yanaondoka karibuni. Alinda hayumo. Kwenye faili lake kumeandikwa kwa wino: Mzazi amekataa kipimo.

"Umekataa kipimo?" aliniuliza.

"Sikukataa kipimo."

"Ulifanya nini?"

Nilitazama kamba ya ng'ombe mkononi mwake. Hakupiga kelele, bora angepiga. Alisema, "Mtoto atakula kwa mkono wa kushoto maisha yake yote kwa sababu ya samli," akatoka.

Jumamosi nikamchukua Alinda, nikamwogesha, sikumpaka kitu. Mikono imepauka, magoti kama majivu. Njia nzima niliona watu wakimtazama yeye kisha mimi. Sikumtafuta Mpimaji ili nimwombe radhi. Nilikwenda ili nimwambie ni mwongo.

Nilimkuta peke yake kwenye chumba chake, mlango wazi, anakunja waya na kuziweka kwenye boksi. Mradi umeisha, mashine ilikuwa inarudishwa Jumatano. Alinda alimkimbilia kiunoni. Nikasubiri wamalize.

"Shikamoo," nilisema. Sikutaka, mdomo umezoea.

"Marahaba. Mtoto mkavu leo."

"Mkavu kama ulivyotaka. Njia nzima wamemwona kama hana mama."

"Kupauka hakuui, Mama Alinda."

"Kwako. Kwetu mtoto akipauka anayesemwa ni mimi, si wewe. Umeandika nimekataa kipimo."

"Niliandika nilichokiona."

"Sikukataa kipimo. Nilikukataa wewe."

Akanitazama juu ya miwani. "Fomu haina sehemu ya hiyo."

Nilidhani ananidhihaki. Lakini akavuta kiti, akasema "Kaa, kunja mkono wa sweta," na kabla sijapanga tusi langu alikuwa ameshanishika mkono wa kulia, anafuta. Nilikuwa nimejipaka mimi, mtoto ndiye mkavu. Pamba ikatoka ya njano. Safari hii hakuiinua. Akanibandika kabla hajafuta vizuri, akafungua mashine, akanipa kifuko kikubwa kuliko vyote.

"Shika. Kiwiko kimekunjwa. Tazama kioo."

Kioo kilikuwa na fujo, mistari mizito imejaa kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe, na vibandiko vikaanza kuteleza. Akavitoa, akafuta mpaka ngozi ikawaka, akabandika vipya. "Shika tena." Sasa ukawa mstari ulionyooka, na juu yake vijiti vidogo vinaruka, tak, tak, tak, kwa mpangilio.

"Hawa ni watu wako," akasema. "Kila kijiti ni neva imeita kundi lake. Ulivyokuwa na mafuta walikuwepo haohao. Mimi ndiye nisiyewaona. Karatasi tatu za Alinda nimezitupa. Siwezi kumpelekea daktari nyasi."

Nikaendelea kushika. Sikuwa nimemsamehe. Mkono ukaanza kuwaka moto, na kweli kwenye kioo vikaja vijiti vingine, virefu, vilivyokuwa havipo. Alinda akawa amesimama mbele yangu, mikono magotini, ananitazama kama mimi ndiye mtoto.

"Mama, shika. Shika, shika, usiachie, shika."

"Inatosha," Mpimaji akasema. "Achia."

"Siachii."

"Mama Alinda, mkono unatetemeka."

"Utetemeke."

Nilishika mpaka kifuko kikaniponyoka chenyewe na maharage yakamwagika sakafuni. Alinda akapiga makofi, la kulia likigonga kidogo tu, la kushoto likifanya kazi yote. Mpimaji hakucheka. Alivuta kiti chake karibu, akatafuta kitu kwenye mashine, akanionyesha picha mbili zimekaa juu na chini.

"Hii ya juu ni siku ya kwanza kabisa ulipomleta. Ulikuwa ndani, unakumbuka? Ulisimama hapo dirishani. Hii ya chini, wewe uko kwenye benchi."

Ya juu ilikuwa imejaa. Ya chini ilikuwa na vijiti vichache, dhaifu, vimeachana, lakini vipo.

"Ya juu ndiyo nzuri," nikasema.

"Ya juu ni shingo, na mgongo, na meno. Alikutazama wewe. Alitaka uone ananyanyua, akabana mwili mzima mpaka machozi yakamtoka. Mkono wenyewe sikuuona kabisa. Kwangu hana haja ya kunifurahisha, anashika tu. Ndiyo maana natoa akina mama. Kwa ajili yenu wanajiumiza."

Miaka miwili nilikuwa nimekaa nje ya mlango nikifikiri mwanangu ananipenda kidogo. Machozi yalitaka kuja, na kilichoyazuia ni hasira, maana hasira ilifika kwanza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza."

"Mzazi haulizi kwa nini anafukuzwa, anaambiwa! Na samli, ulisema 'umempaka, umempaka', hukusema mara moja hata moja kwamba inaharibu karatasi zake. Mimi nikajua unatuona wachafu. Nina kidato cha nne, Mpimaji. Ungeniambia ningeelewa."

Alishika ule mkono wake wa kushoto kwa wa kulia, akautuliza mapajani.

"Ni kweli," akasema. "Sikukueleza. Watoto nina muda nao. Akina mama mnanichosha."

Hakuomba msamaha, hayo ndiyo maneno yake. Nikamwambia basi futa ulichoandika. Akasema hawezi, kilichoandikwa kwa wino kwenye faili hakifutwi na aliyeandika. Nikamwambia basi mpime sasa, mashine hii hapa, mtoto mkavu huyu hapa. Akasema atampima sasa hivi, ila karatasi ya mtoto ambaye faili limesema mzazi amekataa haitapokelewa. Faili halifunguliwi tena ila kukiwa na malalamiko.

"Malalamiko ya nani?"

"Yako. Dhidi yangu. Usitumbukize kwenye sanduku la maoni, ufunguo ulipotea. Mpe mganga mfawidhi mkononi Jumatatu, nakala mbili, moja akusainie. Andika kwamba sikukueleza. Usimung'unye maneno."

Hapo ndipo nilipomwonea wivu kuliko siku zote. Hata kumshtaki yeye ilibidi anifundishe yeye.

Akampima Alinda. Sikukaa kwenye benchi. Nilikaa ndani, nyuma ya mtoto, asipoweza kuniona, nikaziba mdomo kwa kanga. Alishika kifuko chekundu. Nilihesabu vijiti mpaka macho yakauma. Mpimaji alichapa karatasi, akaiweka kwenye bahasha, bahasha akaiweka kwenye droo yake juu ya simu, akasema inangoja barua.

Jumapili baada ya kanisa niliandika. Nakala ya kwanza ilikuwa kurasa nne, ina mambo ya kifuko na ya kuitwa Bibi. Niliichoma jikoni. Jumatatu nilimkabidhi mganga mfawidhi hii, akaisoma amesimama, akasaini.

Kwa Mganga Mfawidhi,
Kituo cha Afya.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MPIMAJI WA MISULI, NA OMBI LA KUFUNGUA UPYA FAILI LA MTOTO ALINDA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama mzazi wa Alinda, mwenye umri wa miaka minne, mkazi wa Mabira. Namlalamikia mtaalamu wenu anayepima misuli kwa vibandiko.

Kwanza, kwa miaka miwili amenitoa nje ya chumba bila kunieleza sababu. Sababu ipo na ni nzuri. Nimeelezwa juzi. Sababu nzuri iliyofichwa inaumiza sawa na mbaya.

Pili, amenikataza kumpaka mtoto mafuta bila kuniambia kwamba mafuta yanaizuia mashine kuona msuli. Akina mama wote wa benchi lile wanapaka, na wataendelea kupaka, kwa sababu hakuna aliyewaambia. Naomba ibandikwe karatasi mlangoni kwa Kiswahili na kwa Kinyambo.

Tatu, ameandika kwamba nimekataa kipimo. Nakiri kwamba siku ile nilimpaka mtoto samli makusudi mbele yake, na nilisema neno baya. Kosa hilo ni langu. Liandikwe kwenye jina langu, lisiandikwe kwenye faili la mtoto. Alinda hajawahi kukataa kushika.

Naomba jina lake lirudishwe kwenye orodha kabla haijaondoka. Kipimo nilichokikubali kipo kwenye droo ya huyohuyo ninayemlalamikia. Amekifanya vizuri. Nimekiona mwenyewe, nikiwa ndani.

Naomba pia kwamba, kabla mashine haijarudishwa Jumatano, kila mama wa kliniki ya Alhamisi aitwe na aonyeshwe picha ya mtoto wake, kama nilivyoonyeshwa mimi.

Siombi aondolewe kazini. Mtoto atamuulizia.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mama mzazi wa Alinda.